Maongezi Yetu Ndani ya Mabano

Mwaka huu nimepata simu ya kupangusa, ya mtumba lakini nzima, na kitu cha kwanza nilichoweka ndani yake ni mchezo wa sataranji. Nikacheza hatua chache. Zikajipanga pembeni ya ubao, nyeupe kushoto, nyeusi kulia, na kila farasi alipokwenda pakatokea kichwa kidogo cha farasi. Kidole kikasimama. Sikuwa tena chumbani kwangu hapa Mutuka. Nilikuwa mtoto tena, kijijini kwetu Bonga, na mikono yangu ilinuka maziwa.

Aliyenilea ni bibi. Msimu wa mbaazi uani kwetu hapakuwa na pa kukanyaga. Bibi alipepeta, ungo ukilia shaa, shaa, na upepo wa baridi ukapeleka makapi yote kwa jirani. Jirani alilalamika kila mwaka, na kila mwaka alipewa sado ya mbaazi akatulia. Jioni kazi yangu ilikuwa kupeleka kidumu cha maziwa steshenari, pale barabara ya Dodoma.

Nilikuwa mtoto asiyesema. Shuleni mwalimu akiniuliza nilisimama, nikatazama dawati mpaka achoke. Bibi hakuona tatizo. Kwake, mtoto anayemjibu mgeni papo hapo hajafundwa. Akiulizwa jambo mbele ya wageni akatulia, amekubali. Asiyetaka ndiye anayejikuna, au anakumbuka ghafla kwamba kuni zimeisha.

Mama wa steshenari alikuja Babati kwa kumfuata mume, mtumishi wa serikali. Sataranji alijifunza chuoni, na hapa hakupata mwenzake, akawa anacheza peke yake kwenye kompyuta ya dukani. Wanaume wa ng'ambo ya barabara walicheza drafti kwa vizibo vya soda. Siku moja kijana wa bodaboda aliyekuja kutoa kopi alichungulia kwenye kioo.

"Mama, hiyo drafti yako mbona ina punda?"

"Ni farasi huyo."

"Babati nzima hakuna farasi. Huyo ni punda tu."

Nilicheka kimoyomoyo. Nadhani mama yule aliona, kwa sababu jioni ile alinivutia kiti.

Kushoto mwa kioo palikuwa na ubao, kulia safu ya hatua. Mchezo wenyewe, ule uliochezwa kweli, uliandikwa kwa herufi nene. Huo tuliuita mstari mkuu. Lakini ukirudi nyuma ukajaribu hatua nyingine, programu haikufuta ile ya kwanza. Iliandika mpya chini yake, kwa herufi nyembamba, ndani ya mabano, imesogezwa ndani kidogo. Hilo lilikuwa tawi. Tawi nalo likizaa tawi, lilisogea ndani zaidi, mpaka kioo kikawa kama ngazi. Ukibofya hatua yoyote, vipande vyote vilirudi vilipokuwa wakati ule, hata vilivyokwisha kuliwa.

Mteja akija, mama alinyanyuka kwenda kwenye mashine ya fotokopi, mimi nikabaki na ubao. Nikiona hatua yake si nzuri, niliweka tawi: ungepita hapa. Akirudi alilisoma, akaguna, akaweka lake chini ya langu: na hapa je? Tulibishana hivyo, tukataniana hivyo, mpaka giza likaanza kuingia na bibi akatuma mtu kuuliza kidumu chake.

"Usihangaike kusema," aliniambia. "Ukikubaliana na mimi, endeleza tawi. Ukiliacha, nimejua hutaki. Sitakusumbua."

Na kweli, nilipoacha hakuuliza mara ya pili. Hakuna mtu mzima aliyewahi kunisikiliza vile.

Nilipomaliza darasa la saba, mumewe akahamishiwa Singida. Jumapili moja mama yule akaja nyumbani, amevaa kitenge, ameshika sukari. Bibi akampa chai na makande.

"Mama," akamwambia bibi, "naomba niende na huyu mtoto. Atasoma sekondari kule, atakaa kama mwanangu."

Bibi akaweka ungo chini, akanigeukia. "Umesikia. Unasemaje?"

Nilitaka kwenda kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote. Nikatulia kwenye kigoda, mikono magotini. Sikujikuna, sikutazama mlango. Nilisema ndiyo kwa namna niliyofundishwa, na nikajiona nimeisema vizuri.

Mama wa steshenari alinitazama kwa muda, akisubiri. Kisha akatabasamu kidogo.

"Haya, mama yangu," akaniambia. "Nimekuelewa."

Alipoondoka, bibi alifua magauni yangu yote na kuazima begi kwa yule jirani wa makapi. Tukasubiri tuambiwe siku. "Mwenye gari ndiye anayepanga safari," bibi alisema, akaendelea kupepeta.

Siku chache alinizuia kwenda dukani, tusionekane tunaharakisha, na nilipopeleka tena maziwa, mlango ulikuwa na kufuli. Fundi cherehani wa barazani aliinua macho.

"We mtoto, mama yako wa steshenari kahama. Fuso limeondoka asubuhi. Kasema nikwambie hana kinyongo. Hukutaka kwenda, basi, ni haki yako."

Nilirudi na kidumu kimejaa. Bibi alinisikiliza, akafunga kitenge vizuri kiunoni.

"Kaghairi huyo. Mtu akighairi hafuatwi."

Nilijua kwamba hakughairi. Kila mmoja alisoma kimya changu kwa kitabu chake, na mimi peke yangu nilivijua vyote viwili. Mpaka nipange maneno ya kumweleza bibi, begi lilikuwa limesharudi kwa jirani. Mwaka uleule miguu ya bibi ikaharibika, nikabaki nyumbani kumwangalia, na sekondari ikanipita.

Sasa bibi amepumzika. Pale palipokuwa steshenari wanakaanga chipsi, na ukipita unasikia mafuta tu. Fundi cherehani alikuwa na namba ya mama yule, lakini simu yake ilizama kwenye beseni la kufulia, namba ikaenda nayo.

Mimi nauza mbaazi sokoni. Naita wateja kwa sauti, nabishana bei, nasema nataka na sitaki bila kutazama chini. Wenzangu hawaamini nikiwaambia nilikuwa mtoto bubu. Wananiuliza mambo mengi kutwa nzima, na yote nayajibu. Lile la Jumapili hakuna anayeniuliza tena.