Mundu Tuliouacha Mlangoni

Desemba shule zinapofungwa, walimu wenzangu hupenda kuulizana nani anakwenda wapi likizo. Mmoja anakwenda Dar kwa dada yake, mwingine Tanga akaogelee, na yupo aliyewahi kufika Zanzibar akarudi na picha nyingi hadi tukachoka kuzitazama. Mwaka ule mimi nilisema nabaki hapahapa Lushoto, na si kubaki kwa kulala, nabaki kwa kutembea. Walicheka. Niliwaambia wacheke wamalize. Watu wanapanda ndege kutoka Ulaya, wanashuka na fimbo zao na viatu vyao vizito, wanakuja kutazama milima ambayo mimi naanika nguo nikiitazama, halafu mimi ndiye niende nikakae kwenye foleni ya magari ya Kimara, kule Dar, niseme nimepumzika. Sitaki.

Sababu yenyewe sikuwaambia. Mama yangu alikuwa anapoteza macho. Daktari alisema ni presha ya macho, na kwamba jicho la kulia limekwisha, la kushoto limebakiwa na tundu dogo katikati, kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Dawa ya matone ingechelewesha tu, isingerudisha kilichopotea. Kaka yangu wa Dar alitaka nimpeleke kwake akapumzike. Shangazi yangu, dada wa marehemu baba, ambaye nyumba yake iko juu ya yetu na mlango wake unatazama uani kwetu, alisema mama atulie ndani, mtu asiyeona atatembea wapi kwenye miteremko hii. Niliwajibu wote wawili kwamba mama amezaliwa katika milima hii na ataitazama kabla macho hayajafunga, na mwenye neno aje kwangu, asimsumbue mama.

Aliyenipinga zaidi alikuwa mama mwenyewe. Kwetu mwanamke aliyeko njiani ana shughuli. Anakwenda shamba, sokoni, kanisani, kwa mgonjwa au msibani. Ukisalimiwa njiani, ukishaitikia unaulizwa unakwenda wapi, na hilo si umbea, ni adabu, nawe sharti uwe na jibu. Asiye na jibu ni mvivu, au amechanganyikiwa.

Siku ya kwanza tulipanga kwenda Irente, kwenye mwamba unaotazama nyika iliyo chini ya milima. Asubuhi mama alitoka ndani na mundu mkononi. Ng'ombe wetu tulikwishamuuza miaka mingi nyuma, kwa hiyo nilimuuliza anakwenda kumkatia nani majani.

"Yeyote atakayeuliza," alisema.

Na kweli, kila tuliyekutana naye aliuliza, mama akainua mundu wake, mtu akaridhika akapita. Mimi nilikuwa nachemka moyoni. Tulipofika kwenye njia inayoelekea mwambani, mlinzi alitazama nyuma yetu, akauliza mgeni tuliyemleta yuko wapi. Nilimwambia mgeni ni mama yangu. Alitazama ule mundu akacheka. Mimi sikucheka, nikamkumbusha kwamba aliye mbele yake bado hajamsalimia. Alitoa shikamoo yake akiwa ameinama, halafu, nikiri, alimshika mama mkono vizuri akamfikisha hadi kwenye jiwe.

Mama aliketi, mundu mapajani. Alilielekeza lile jicho lake chini, akaanza kutafuta. Alipata mashamba ya mkonge, akapata barabara na malori yake madogo, kisha akahangaika muda mrefu hadi akapata njia ya miguu aliyokuwa akishuka nayo ujanani, kapu la matunda ya plamsi kichwani, kwenda kuuza kule joto linakoanzia. Alikuwa amepita karibu na mwamba ule mara nyingi kuliko anavyoweza kuhesabu, na hakuwahi kusimama hata mara moja.

"Kumbe ni mbali hivi," alisema. "Na nilishuka na mimba yako."

Tulikaa pale hadi jua likapanda. Wakati wa kurudi alinisimamisha kando ya njia, akainama, akakata majani mzigo mzima kwa kupapasa, akampelekea ng'ombe wa jirani. Alisema hawezi kudanganya watu asubuhi yote halafu arudi mikono mitupu.

Safari ya pili ilikuwa msitu wa Magamba, na safari hii mundu niliukataa. Tuligombana kwelikweli, mimi na mama yangu, saa kumi na mbili asubuhi, mlangoni. Nilimwambia mkono mmoja nitaushika mimi, na wa pili nataka uwe mtupu kama wa wageni wengine. Mwishowe aliutundika mundu kwenye msumari wake nje ya mlango, kwa hasira, akarudi ndani kuvaa kitenge chake cha kanisani. Mimi pia nilivaa cha kanisani. Tulifunga mlango kwa kufuli, tukashuka kwenye ukungu hadi barabarani, bajaji ikatuchukua.

Msituni mama alinyamaza. Niliogopa kwamba amechoka, au amekasirika bado. Kumbe alikuwa ameinua kichwa. Alikuwa analizungusha jicho lake huko juu, polepole, tawi kwa tawi. Aliniambia msitu ule aliuingia tangu akiwa binti, akitafuta kuni, na mwenye mzigo wa kuni kichwani hainui uso. Alijua kila mzizi wa njia ile. Vilele vya miti hakuwa amewahi kuviona. Mbega mmoja aliruka juu yetu na mkia wake mweupe, mama akampata, akampoteza, akampata tena, akacheka kwa sauti. Nililia, na sikujificha, kwa kuwa hakuwa ananitazama mimi.

Tuliporudi alasiri tuliona moshi uani kwetu.

Uani kulikuwa na kuni zimepangwa, masufuria makubwa yako mafigani, wanawake wamejifunga khanga viunoni, na wanaume wamekaa kwenye mabenchi ya kanisa. Tulipotokeza, mama mmoja alianza kulia, na wengine wakampokea. Mama yangu alinishika mkono akaniuliza nani amekufa. Sikujua.

Ilikuwa hivi. Alfajiri shangazi alifungua mlango wake akaona kwetu kuna kufuli. Siku si Jumapili wala ya soko, mundu uko msumarini, na kwenye ukungu wanawake wawili wanashuka haraka na vitenge vya kanisani. Alipiga simu yangu, haikupatikana, maana msituni hakuna mtandao. Alipiga hesabu yake. Mjomba wangu wa Bumbuli alikuwa anaumwa tangu Pasaka, basi ndiye aliyekufa. Kumpigia hakuweza, nani atampigia mgonjwa kumuuliza kama amekufa. Akapiga yowe, watu wakaleta kuni, unga na maharage ili tukirudi tukute nyumba ina watu. Kaka yangu naye alikwishapigiwa, akaomba ruhusa kazini, na wakati huo alikuwa ndani ya basi, amepita Chalinze.

"Wifi, si kaka yako?" shangazi aliuliza.

Mama alimjibu kwamba kaka yake ameongea naye jana jioni, alikuwa analalamikia chumvi kwenye mboga. Shangazi akauliza tulikuwa wapi, basi.

Na hapa lazima niseme ukweli. Mimi niliyewajibu walimu wenzangu, mimi niliyemkemea mlinzi, nilitazama zile kuni, nikatazama wanaume walioacha viazi vyao shambani, na aibu ikanishika. Nilifungua mdomo nikaanza kusema tulikwenda hospitali. Mama alinibana mkono hadi nikanyamaza.

"Tulikwenda kutembea," alisema. "Magamba. Kutazama miti."

Kuna mtu alicheka. Shangazi hakucheka.

"Na macho hayo?"

"Hayohayo. Wifi, ulitaka nisubiri yaishe ndipo niende?"

Baadaye mzee mmoja alisema maharage yameshaiva na hayajui kama kuna msiba au hakuna, chakula kikaombewa, tukala. Mama alihadithia mbega, vilele vya miti na mwanga uliopita katikati yake, na wale wanawake waliokuja kulia walimsikiliza, wote wachukuzi wa kuni wa msitu uleule. Kaka alipopigiwa simu kwamba ashuke Segera ageuze, mama aliomba simu hiyo. Alimwambia ruhusa ya kuja kuzika ameipata, basi asimwambie kwamba ya kuja kumtembeza mama yake hana. Kaka alikuja. Keshoye tulikwenda Irente watatu, mama katikati yetu, mikono yake yote miwili imeshikwa.

Sasa mama haoni kabisa. Mwaka huu lile tundu lilifunga, kama daktari alivyosema. Shangazi alidhani tutaacha, akaja kuniuliza kipofu anapelekwa kutazama nini. Hatujaacha. Juma lililopita tulikuwa tena kwenye jiwe la Irente, nami nikaanza kumweleza kilichoko chini, mama akanikatiza. Alinyoosha kidole akanionyesha mkonge, akanionyesha barabara, akanionyesha ile njia yake ya plamsi. Nilifuata kidole chake. Kila kitu kilikuwa pale alipoonyesha.

Njiani watu bado wanatuuliza tunakwenda wapi, na mama huwahi kujibu kabla yangu kwamba tunakwenda kutembea, na hasemi zaidi ya hapo.

Mundu bado uko kwenye msumari wake nje ya mlango, umeshika kutu. Shangazi ameuomba mara mbili akakatie majani, na mara zote mbili nimemnyima. Nataka kila anayepita kwetu auone uko pale, na sisi hatupo.