Sufuria la Tawi

Juzi nilirudi Ifakara kumzika mama mkubwa. Nilishuka stendi mchana, jua la kwetu unalijua, nikachukua bodaboda mpaka nyumbani. Kabla sijafika nililiona turubai. Viti vya plastiki vilikuwa vimepangwa kwa mistari, vyekundu huku, vya bluu kule, na nyuma ya nyumba vijana wa mapishi waliovaa fulana za kufanana walikuwa wanageuza wali kwenye masufuria ya kukodi, meupe, yanang'aa. Nikasimama na begi langu mkononi. Nilipaswa kuuliza marehemu amelazwa chumba gani. Badala yake nikauliza masufuria yetu yako wapi. Kijana mmoja alinitazama kwa huruma, akadhani ni uchungu umenipanda kichwani. "Dada, haya ndiyo yaliyopo," akasema, akaendelea kugeuza.

Pale msibani sikupata mtu wa kumweleza, kwa hiyo nakueleza wewe.

Nililelewa na bibi, mzaa mama. Mama yangu alikuwa anafanya biashara ya mchele Mlimba, anakuja na treni anapopata nafasi, na mimi nilibaki Ifakara na bibi pamoja na mama mkubwa, binti yake wa kwanza. Bibi alikuwa mkulima wa mpunga kama watu wote wa bonde lile, lakini mjini alijulikana kwa vitumbua. Mchele ulilowekwa jioni, alfajiri mimi na mama mkubwa tunautwanga kwenye kinu kwa zamu, bibi anachekecha unga akiguna, maana hakuna unga uliowahi kumridhisha. Kisha iliki, hamira, na kungoja. Hadi leo nikisikia harufu ya iliki na mafuta ya moto nanyoosha mgongo, kama mtu anayetegemea kuambiwa amekaa vibaya.

Sasa, bibi alikuwa mwenyekiti. Mwenyekiti wa tawi la chama cha siasa, kule barazani kwetu, miaka ya tisini ilipokuwa michanga na vyama vingi vimeruhusiwa juzijuzi tu. Chama gani, usiniulize kwanza. Nitafika.

Wenzake waliingia siasa kwa sababu ya bei ya mpunga, wengine kwa sababu ya barabara. Bibi aliingia kwa sababu ya sufuria. Mtaa wetu ulikuwa na masufuria makubwa ya msiba, na majamvi, vyote vimenunuliwa na wakazi wenyewe na kutunzwa stoo kwa balozi wa nyumba kumi, ambaye alikuwa mtu wa chama tawala kama mabalozi wote. Jirani yetu, mstaafu wa reli, alikuwa wa kwanza mtaani kuchukua kadi ya chama kipya. Halafu akafa. Bibi akaenda kwa balozi kuchukua masufuria. Mtoto akatoka mlangoni akasema baba hayupo, ameondoka na ufunguo. Lakini baiskeli ya balozi ilikuwa imeegemea ukutani, na balozi yule hakuwa mtu wa kwenda popote bila baiskeli, hata kwa jirani wa tatu aliendesha. Bibi aliitazama ile baiskeli, akaitazama ile nyumba, akarudi. Siku hiyo waombolezaji walipikiwa kwenye visufuria vya nyumbani, awamu kwa awamu, wengine wakala jua linazama, mjane akiwaomba watu radhi yeye aliyefiwa.

Kesho yake baada ya maziko bibi alirudisha kadi yake ya zamani, akachukua kama ile aliyokuwa nayo marehemu wa reli. Mama mkubwa alimuuliza kama ameisoma katiba ya hicho chama. Bibi akamjibu, "Mimi nataka siku yangu ikifika moto uwashwe hapohapo, asitumwe mtu ufunguo." Hiyo ndiyo ilikuwa siasa yake yote. Nimesikia nyingi tangu wakati ule, na bado naiona ile ina akili kuliko nyingine.

Watu walimfuata. Si wengi, lakini baraza lilijaa. Jumapili baada ya misa walikuja: wakulima, wavuvi wawili watatu wanaonuka moshi wa kukaushia samaki, mfugaji mmoja Msukuma aliyekuwa amehamia na ng'ombe wake na ambaye kila mtu alimwogopa kidogo isipokuwa bibi, na katibu, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mtu mwembamba wa kauli ndogo. Katibu alifungua kikao kwa kusimama. Bendera ilipanda kwenye mti wa mwanzi uliochimbiwa kando ya choo, maana pengine pote palikuwa na mbaazi za bibi na hakukubali zing'olewe. Wakaimba. Wakasikiliza redio. Wakabishana mpaka kahawa inapoa, na mimi napita na sahani ya vitumbua. Nilikipenda kikao kile kuliko sikukuu. Watu wazima walikuwa wanaongea mambo ya kesho na keshokutwa kana kwamba wao ndio watakaoyapanga.

Na jambo la kwanza walilolifanya kama tawi, kabla hata ya kupata muhuri, lilikuwa kununua sufuria. Kila mwanachama alileta mpunga baada ya mavuno, ukauzwa, na katibu akaenda kulichukua. Lilikuja limefungwa nyuma ya baiskeli, limemzidi yeye mwenyewe upana. Watoto tuliingia ndani yake tukajificha. Bibi alilipiga konzi, likalia, akasema, "Haya, sasa tunaweza kufa." Watu walicheka sana. Nami nilicheka.

Waliahidiana pale pale. Yeyote wa tawi akifa, tawi litamzika: wali wa tawi, sufuria la tawi, bendera juu ya jeneza. Hakuna kwenda kwa balozi. Bibi alirudia ahadi hiyo kila Jumapili mwisho wa kikao, kama padre anavyorudia baraka, na wao waliitikia.

Ila bibi alikuwa na udhaifu wake. Alikuwa mkali wa maneno lakini mwenye mkono wazi. Hakuweza kumnyima mtu kitu. Mwaka ule wa palizi ngumu wanachama walikubaliana kusaidiana mashambani kwa ujima, leo kwa huyu, kesho kwa yule, kule bondeni ng'ambo ya maji. Ujima unataka pombe na pombe inataka chombo. Wakaja kuliomba sufuria. Mama mkubwa alikataa, akasema hilo ni la misiba. Bibi akamwambia, "Nani mgonjwa hapa?" Likapakiwa kwenye mtumbwi, likaenda.

Unajua masika ya bonde letu. Maji hayaji kwa kishindo. Unalala uwanja ni mkavu, unaamka bata wanaogelea. Palizi iliisha, mpunga ukaanza kutoa maziwa, na watu wakabaki kulekule kwenye madungu yao kuamia ndege, wakipiga madebe tangu mapambazuko, maana ukiondoka siku moja tu ndege wanakumalizia jasho la mwaka. Tawi zima lilikuwa bondeni. Sufuria lilikuwa bondeni. Jumapili tulibaki wanawake wawili na mimi, na bibi aliongoza kikao hivyohivyo.

Homa ilimshika katikati ya juma. Alikataa kulala, akakaanga vitumbua akiwa amejifunga kanga mbili. Tulimpeleka hospitali kwa baiskeli, wakampa dawa, tukarudi naye. Asubuhi ya pili yake aliniita nimpe maji. Niliporudi na kikombe, mama mkubwa alikuwa ameshamfumba macho. Nilikishika kile kikombe muda mrefu, sikujua nikiweke wapi.

Mtu alitumwa bondeni kwa baiskeli mpaka barabara inapoishia majini, na kutoka pale ujumbe upite kwa wavuvi. Mvua ilikuwa inanyesha. Mama mkubwa alikaa kwenye kigoda jikoni akihesabu visufuria vyetu kwa macho, na mimi nilielewa kabisa anawaza nini, kwa sababu nilikuwa nawaza hilohilo. Watu walishaanza kuingia. Bibi alikuwa amekula kwenye misiba ya mji mzima. Mji mzima ungekuja.

Kabla ya saa sita balozi akafika. Hakuendesha, aliikokota baiskeli kwenye matope, na nyuma yake vijana wa mtaa wamebeba masufuria yote, na majamvi, na kuni kavu zilizofunikwa kwa nailoni. Alikuwa analia. Sikuwahi kumwona mwanamume wa umri ule akilia waziwazi namna ile, kamasi zinashuka. Akamwambia mama mkubwa, "Huyu ni dada yangu. Mambo ya kadi tuyaache hukohuko."

Mama mkubwa akayatazama yale masufuria. Kila aliyekuwa uani alijua bibi alitaka nini. Hata mimi mtoto nilijua. Nilimtazama nikiomba moyoni aseme hapana, na papo hapo niliogopa kwamba atasema hapana, na watu wataondoka na njaa, na bibi atazikwa kama mtu asiye na jirani. Mama mkubwa akasema, "Karibu, kaka. Moto uwashwe." Na moto ukawashwa.

Kwa siku ile na iliyofuata, mtaa ulimzika bibi vizuri kuliko nilivyowahi kuona. Balozi mwenyewe alishika mwiko. Wanawake waliokuwa hawamsalimii bibi tangu arudishe kadi walitwanga, wakachota maji, wakaimba hadi sauti zikakauka. Sikuona hila yoyote katika uso wa mtu. Ningeiona, ningekuwa na kitu cha kuchukia hadi leo, na ingenisaidia.

Siku ya maziko, wali ukiwa tayari umeshapakuliwa, tawi likafika. Walikuwa wametembea majini tangu alfajiri, suruali zimekunjwa mapajani, matope hadi kiunoni. Mbele alikuwa mvuvi mmoja amelibeba sufuria kichwani limefunika mabega, mvua inalipiga na linalia, tukalisikia kabla hatujawaona. Walikuwa wamelisugua. Hawakukuta mahali pa kuliweka. Mafiga yote yalikuwa na masufuria ya balozi. Mvuvi alizunguka nalo uani, akalitua karibu na kinu, na mvua ikaanza kulijaza.

Katibu alikuwa ameishusha bendera alipopita kando ya choo, ameikunja kifuani isilowe. Akamsogelea mama mkubwa, akauliza kwa ile kauli yake ndogo kama wanaweza kuiweka juu ya jeneza. Mama mkubwa aliangalia majamvi, akaangalia watu waliokaa juu yake. "Mwalimu," akasema, "watu wanakula."

Katibu akarudisha bendera kifuani. Mtu akamletea maji ya kunawa. Balozi akampakulia yeye mwenyewe, akamwekea na ukoko, maana alijua mwalimu anapenda ukoko. Na wanachama wakakaa, mmoja mmoja, kwenye majamvi ya balozi, wakala, kwa sababu walikuwa na njaa na walikuwa wametoka mbali na wali ulikuwa mtamu. Ndivyo lilivyokufa tawi letu. Hakuja askari wala hakupigwa mtu.

Matanga yalipoanuliwa, mama mkubwa alimwomba balozi alichukue lile sufuria, liungane na mengine. Wanachama walikuwepo. Walilitazama likiondoka. Jumapili iliyofuata nililoweka mchele bila kuambiwa, nikatwanga peke yangu. Alikuja katibu tu. Alikaa, akanywa kahawa, akaitazama nafasi ya bibi ukutani pale plasta ilipokuwa imepata weusi wa mgongo wake. Kisha akaniaga kwa heshima kama anayeaga mtu mzima. Mwaka wa uchaguzi ulipofika nadhani wote walimpigia kura mtu wa balozi. Sidhani walilazimishwa. Waliona haya tu.

Basi juzi, chini ya lile turubai, nilimkuta katibu. Yupo bado, mzee sana, amekaa kwenye kiti chekundu, mikono juu ya fimbo. Nikampa shikamoo. Alichelewa kunijua, halafu akanishika mkono hakuuachia. Nikamuuliza masufuria ya mtaa. Akasema balozi alipofariki watoto wake waliyauza yote kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, yalipita hapa yamerundikwa kwenye toyo, pikipiki ya mizigo ya magurudumu matatu, na letu limo. "Nililijua kwa mlio," akasema. Bendera nayo, mafuriko yaliingia ndani kwake, kabati likalowa na makaratasi yote, akatupa.

Nyuma ya nyumba wale vijana walikuwa wanagonga miko.

"Mjukuu wangu," akasema, "hivi chama chetu kilikuwa kinaitwaje?"

Nikafungua mdomo. Niliiona bendera kando ya choo, imepauka hadi rangi zake mbili zimekuwa moja. Niliusikia wimbo, sauti yake yote, bila maneno. Nilimwona bibi akiligonga sufuria. Jina halikuja. Nililitafuta kila mahali nilipoweza kulitafuta, na nikakumbuka kwamba aliyekuwa anajua, wa mwisho, ni mama mkubwa, naye ndiye aliyekuwa amelazwa ndani.

"Nitakumbuka," nikamwambia.

Akatikisa kichwa taratibu, kama mwalimu anayemsamehe mtoto. Kijana wa fulana akaja na sahani mbili za wali, akampa yeye, akanipa mimi. Tukala.