Kiwiko cha Mama Mistari

Kwa miaka yote aliyosuka, Mama Mistari hakuwahi kukihesabu kiwiko kuwa kiungo cha maana. Vidole alivijua, kwa sababu ndivyo vilivyompa jina. Mgongo aliujua, kwa sababu ulilalamika kila Jumamosi. Lakini kiwiko? Kiwiko ni kitu cha kuegemeza mezani ukisubiri chai. Basi kiwiko chake cha kulia kikaona kidai heshima yake kwa nguvu.

Kilianza taratibu, kama mgeni anayebisha hodi kwa adabu. Akikamua tambara la deki, kinachoma. Akinyanyua birika, kinachoma. Siku moja mkono ukagoma kabisa kuzungusha kitasa, akabaki amesimama nje ya nyumba yake mwenyewe akimwita mumewe amfungulie. Mume alitokea na soksi mguu mmoja.

"Ni umri huo," alisema.

"Umri wako au wangu?"

Mume akarudi ndani kutafuta soksi ya pili.

Kliniki alipelekwa kwa kusukumwa. Mtaalamu wa viungo, kijana mpole mwenye mikono baridi, alimbonyeza kwenye kifundo cha nje cha kiwiko, na Mama Mistari akapiga ukelele uliowanyamazisha watu kwenye benchi la nje. Kijana akamuuliza anafanya kazi gani. Akamwambia anasuka. Kijana akampa taulo lenye nyuzi za pembeni, akamwambia asuke tu kama kawaida yake.

Mama Mistari akasuka. Kila alipofika mwisho wa pindo alizungusha kifundo cha mkono na kuvuta, ng'wa, mpaka taulo likasogea mezani.

"Hapo," alisema yule kijana. "Hapo unapovuta. Nyama zinazoshika vidole vyako zimeanzia hapa kwenye kiwiko. Kila ukivuta, unapachana hapa."

Akampa mkanda wa kufunga chini ya kiwiko. Akamwonyesha namna ya kushika chupa ya maji na kuishusha polepole, polepole, kama anamshusha mtoto aliyelala. Barafu aifunge kwenye kitambaa. Kusuka aache kwa wiki kadhaa, na akirudi, asivute.

"Nisipovuta," Mama Mistari aliuliza, "nitakuwa nasuka au nabembeleza?"

Kijana alicheka, akidhani ni utani.

Haukuwa utani hata kidogo. Kukaza ndiko kulikomjenga. Vichwa vingine vya mtaani vilifumuka wiki ya pili vikawa kama kiota cha kuku, ila kichwa cha Mama Mistari kilikaa mpaka nywele zenyewe zichoke kukaa. Mwanamke akitoka mikononi mwake alikuwa na mistari iliyonyooka kama imepigwa rula, nyusi zimepanda juu kidogo, na kucheka alicheka kwa tahadhari. Watu walimtambua kwa mbali: "Hicho kichwa ni cha Mama Mistari." Yeye alilisikia hilo akajifanya hajalisikia, huku roho ikimwagiwa sukari.

Saluni ilikuwa chumba kimoja chenye mlango wa kioo, vigoda viwili na kioo kirefu kilichopasuka pembeni. Kigoda cha dirishani kilikuwa chake. Cha ukutani kilikuwa cha mdogo wake wa tumbo moja, ambaye wateja wote walimwita Mdogo tu. Mama Mistari ndiye aliyemfundisha kazi, na mpaka leo hajaridhika naye. Mdogo alikuwa na mkono mlegevu. Alisuka kama mtu anayeogopa kuamsha nyumba. "Unazipapasa nywele au unazisuka?" Mama Mistari alikuwa akimuuliza mbele ya watu, na Mdogo alitabasamu tu, jambo ambalo nalo liliudhi.

Sasa pale saluni palikuwa na sheria ambayo haikuandikwa popote. Mteja ana mwenyewe. Akiingia mteja wa mwenzako, wewe unashika ufagio. Hata kama sakafu inang'aa, unafagia, mpaka mwenye mteja amkaribishe na kumketisha. Ndiyo adabu ya kazi. Kwa miaka mingi aliyekuwa akifagia zaidi ni Mdogo.

Na katika wateja wote, kulikuwa na Mwalimu.

Mwalimu alifundisha shule ya msingi ya jirani, na alianza kusukwa na Mama Mistari tangu wote wawili wakiwa wembamba. Kichwa chake kilikuwa kizuri, nywele nyingi, lakini utamu wa Mwalimu ulikuwa mdomoni. Alikuwa na wifi aliyekuja kwake kwa siku mbili akageuka mpangaji, na visa vya wifi huyo vilisimuliwa kwa awamu, kila anapokuja kusukwa. Alijua kushusha sauti, alijua kunyamaza pale unapotaka kujua zaidi. Mama Mistari alikuwa akimaliza kichwa huku mbavu zinamuuma kwa kucheka. Hivyo vilikuwa visa vyake. Havikuwa vya saluni, havikuwa vya mtaa. Vilikuwa vya yeye na Mwalimu.

Siku Mwalimu alipoingia na kumkuta na mkanda mkononi, Mama Mistari alijikaza kisabuni. "Karibu, Mwalimu wangu. Leo Mdogo atakushika kichwa. Ni mara hii moja tu."

Akakaa dirishani kuchambua rasta, zile nywele za kuunganishia, kazi wanayopewa wanaojifunza. Mwalimu akaketi ukutani, shingo ikaingia katikati ya magoti ya Mdogo, na baada ya muda sauti ikashuka. Mama Mistari akatega sikio. Akasikia "mapazia." Akasikia "bila hata kuniuliza!" Kisha Mdogo, ambaye huwa hacheki, akacheka mpaka akashika kifua.

Wivu ulimpanda Mama Mistari mzima mzima, na hakuwa na pa kuutua. Wifi kafanya nini na mapazia? Aliona haya kuuliza. Akavuta rasta kwa hasira na kiwiko kikamjibu papo hapo.

Jioni walipokuwa wanafunga, alishindwa kujizuia. "Mwalimu alikuwa anakwambia nini?"

"Aa, maneno ya kawaida tu, dada."

Ya kawaida! Angemtukana ingekuwa nafuu.

Mwalimu aliporudi mara ya pili, hakusubiri kukaribishwa. Alimsalimia Mama Mistari vizuri, akamuuliza mkono unaendeleaje, akampa pole ya dhati, kisha miguu yake ikampeleka moja kwa moja hadi ukutani. Mama Mistari alisimama katikati ya chumba. Akatazama huku na huku. Halafu, kwa sababu adabu ni adabu, akachukua ufagio kwa mkono wa kushoto akafagia sakafu iliyokuwa safi.

Tangu hapo hakumtazama tena mdogo wake kwa jicho la udugu. Alihesabu makosa yake. Huu mstari umepinda. Huku hakupaka mafuta. Wateja wanasinzia kwake, ndiyo maana hawaoni anachofanya. Nyumbani alishusha chupa ya maji polepole, kama alivyoelekezwa, na kila ikishuka alimwona Mwalimu amekaa ukutani. Siku nyingine aliitua chupa kwa kishindo na kuacha. Kiwiko kilikuwa kimeanza kupoa kidogo, lakini yeye kijiba cha roho kilimkaa kooni, na alijua fika kinaitwaje. Ni wivu. Mtu mzima na mvi zake anamwonea wivu mtoto wa mama yake, kwa sababu ya kichwa cha mtu.

Hofu yake ilikuwa moja: mteja akizoea mkono mwingine, harudi. Alikwisha kuwachukua wateja wa watu kwa njia hiyo hiyo.

Ndipo akasikia kwamba Mwalimu ana kikao kikubwa na wazazi Jumatatu, na kwamba atasimama mbele yao kuzungumza. Mama Mistari akampigia simu.

"Jumapili nakuja kwako nikusuke mwenyewe. Kama zamani."

"Na kiwiko?" Mwalimu aliuliza.

"Kimepona mpaka kimesahau kiliuma. Ila Mdogo usimwambie, asije akajisikia vibaya."

Mwalimu akavuta pumzi. "Haya, mwenzangu. Njoo."

Alikwenda mchana, mkanda ameufunga chini ya mkono mrefu wa blauzi. Mwalimu alikaa kwenye kigoda sebuleni, mapazia mapya ya rangi ya chungwa yanawaka dirishani, na wifi mwenyewe amekwenda kusalimia watu. Mama Mistari alipogawa nywele kwa kitana na kupata ule mstari wa kwanza, mweupe, ulionyooka, alikaribia kulia kwa furaha. Akasuka. Akafika mwisho, akazungusha, akavuta. Kiwiko kikalia. Akameza mate akaendelea. Nataka huyo Mdogo akione hiki kichwa kesho, alijisemea. Nataka akione ajue mwenye kazi ni nani.

Alisubiri visa. Mwalimu hakusema sana. Alijibu "mm" na "eh," mikono ameikunja mapajani. Mama Mistari akadhani anawaza kikao.

Upande wa kulia ukaisha, umenyooka, umekaza, kazi ya fundi. Akahamia kushoto, akashika fungu la kwanza, akazungusha, na pale pale kitu kikamchanika kutoka kiwikoni hadi kidole cha kati. Kitana kikaanguka. Akajaribu kufunga vidole. Vidole vikamtazama tu. Akajaribu tena kwa kuukamata mkono wa kulia kwa wa kushoto, kama anamlazimisha mtoto kuandika. Haikuwezekana. Mwalimu alikuwa na nusu kichwa, na upande mwingine nywele zimesimama kama zimeona polisi.

"Mpigie Mdogo," Mwalimu alisema kwa upole.

Hakuna simu iliyowahi kumwia nzito kama ile. Mdogo alikuja na mkoba wake wa vitana, jasho usoni kwa mwendo wa haraka. Aliona mkanda, akaona kichwa, akaelewa kila kitu, na hakuuliza hata neno. Hilo ndilo lililomchoma dada yake kuliko lawama.

Mdogo alikizunguka kichwa mara kadhaa. Kila msusi anajua balaa la kichwa cha mikono miwili: pande hazifanani, na mtu aliyekaa mwisho wa ukumbi anaona. "Dada," aliuliza, "nikaze kama wewe?"

"Kaza."

Mdogo akaketi, akashika, akavuta. Mabega ya Mwalimu yakapanda hadi masikioni. Akavuta tena.

"Mdogo, ngoja," Mwalimu alisema. Kisha akanyanyua mkono, akagusa upande wa kulia, ule uliokamilika. "Fumua huku. Nisuke kichwa chote kwa mkono wako."

"Kina ubaya gani?" Mama Mistari aliuliza, na sauti ilimtoka ndogo.

Mwalimu hakugeuka. "Siku zote nilikuwa nameza vidonge vya kichwa kabla ya kuja kwako. Nikitoka kwako nalala kifudifudi. Hapa pembeni nywele zilikuwa zinakwisha, nikawa navuta kitambaa mbele. Hukuwahi kushangaa kwa nini napenda vitambaa?"

"Na hukuniambia!"

"Ningekuambiaje? Ulikuwa na furaha hivyo. Na mimi nilikuwa napenda kuja."

Mama Mistari akayatazama masikio ya rafiki yake kwa nyuma. Pembeni, juu ya sikio la kushoto, ambako hakuwa amefika, nywele changa zilikuwa zimeanza kuota, fupi, laini. Zimeota kwa mkono wa Mdogo. Akatamani kumchukia mdogo wake pale pale, na chuki ikawa haina mahali pa kushika.

Mdogo hakuwa amegusa ule upande wa kulia. Alikuwa ameketi, mikono imelala mapajani, kitana kimewekwa pembeni. Kazi ya mtu haifumuliwi mbele ya macho yake bila ruhusa. Hata hilo alifundishwa na dada yake. Alikuwa anasubiri. Asingesema lolote mpaka jioni, kama ingebidi.

"Nipishe," Mama Mistari alisema.

Mdogo akainuka. Mama Mistari akaketi nyuma ya Mwalimu, mkono wa kulia ameulaza mapajani kama mzigo wa mtu mwingine. Kwa mkono wa kushoto, mzito, usiojua kazi, akatafuta ncha ya mstari wa kwanza. Ilikuwa imekaza kweli. Alihangaika nayo mpaka ukucha ukamuuma, na kwa mara ya kwanza maishani akamlaani msusi aliyesuka vile. Hatimaye ikaachia.

"Aaah," Mwalimu akasema, na mabega yakamshuka.

Mama Mistari hakuwahi kuisikia sauti hiyo kutoka kwake. Alijua vicheko vyake vyote, alijua namna anavyoshusha sauti, lakini hii ilikuwa ya Mdogo tangu mwanzo, na bado alimwonea mdogo wake wivu. Akautafuta mstari wa pili.