Boneti Aliyoinyanyua Peke Yake

Mdogo wangu wamemwita Kiganja tangu ndevu hazijamjaa vizuri. Ni fundi wa kunyoosha bodi za magari. Wenzake hulitazama bati kwa kufumba jicho moja, kama wanaolenga shabaha. Yeye hufumba yote mawili, anapitisha kiganja polepole, mara anasimama: "Hapa pamevimba." Ukitazama huoni kitu. Anagonga kidogo, anapitisha tena, basi. Puti, ule udongo wa kujazia mabonde, kwake ilikuwa tusi. "Puti ni vipodozi," alikuwa akisema. "Mwenye uso wake haogopi kunawa."

Mimi nashona viti vya magari kwenye gereji hiyo hiyo, cherehani yangu iko ukutani karibu na meza yake ya kazi. Kwa hiyo haya sikusimuliwa.

Lililetwa gari la zamani la mbio, la watu wawili tu, limekaa chini chini kama paka anayevizia. Mwenyewe alikuwa mwalimu, mwanamke wa makamo, ameachiwa gari hilo na marehemu baba yake. Alikuwa ameligonga kwenye nguzo ya geti lake mwenyewe. Madigadi ya kushoto imekunjamana, boneti imebonyea huku imevimba kule. Viti navyo vilikuwa vimechanika, nikaving'oa nivishone.

"Baba hakuwahi kulikwaruza," akasema. "Mimi wiki ya kwanza tu, fundi."

Alisema akicheka, lakini macho hayakucheka. Kiganja akamfundisha kupapasa bati. "Siku ya kulichukua, fumba macho upapase hivi. Ukikuta bonde, univue jina langu."

Madigadi aliinyoosha, ikanyooka. Ikaja zamu ya boneti. Boneti hubebwa na watu wawili, na mpiga rangi wetu, tunayemwita Brashi, alikuja kushika upande wa pili. Kiganja akamfukuza. Akalegeza bawaba, akaingia chini yake, akainyanyua juu ya kichwa peke yake, akatembea nayo hadi mezani.

"Mmeona? Uzee uko kwenu!"

Tukampigia makofi. Na mimi nilipiga. Damu ni damu.

Yupo mchomeleaji mmoja, mtu wa mdomo, jina lake Cheche. Akaigonga boneti kwa kifundo cha kidole. "Kaka mkubwa, hii inalia tofauti na milango. Umeiwekea sumaku?"

"Sumaku yangu hii hapa," akamwonyesha kiganja.

Ule mlio hakuusikia. Mimi najua, kwa sababu nyumbani redio anaifungua mpaka jirani anagonga ukuta. Nyundo zimemla masikio, na hilo nalo hataki kulisikia.

Sasa, bati lililovutika hurudishwa kwa moto. Unalichoma kwa gesi mahali padogo mpaka liwe jekundu, unaligonga, unalipoza kwa kitambaa chenye maji. Akachoma. Wekundu hauji. "Gesi yenu hii mmeitia maji," akasema, akasogeza moto. Hauji. Akausogeza tena. Mara bati la pale likalegea kwa pamoja kama ute wa yai, likadondoka sakafuni, na boneti ikabaki na tundu la kupita ngumi.

Ilikuwa alumini. Alumini haishiki sumaku, wala haionyeshi wekundu. Inakunyamazia, halafu inayeyuka. Mtu yeyote aliyewahi kusahau sufuria motoni anaijua. Milango ya gari lile ilikuwa chuma, madigadi chuma, boneti peke yake ndiyo alumini ili iwe nyepesi. Ndiyo maana aliiweza.

"Kaka mkubwa," Cheche akasema, "mboga imeungua."

Watu wakacheka, halafu wakaacha. Kiganja alikuwa hajauzima moto. Alikuwa anautazama mkono wake kama mkono wa mgeni.

Asubuhi yake nikamkuta amebandika kipande cha bati kwa chini na gundi, na juu amejaza puti. Yeye! Nilitamani ardhi inimeze. Brashi akapiga rangi bila kumtazama usoni. Gereji ina desturi yake: habari ya kilichoharibikia ndani haivuki geti. Hata Cheche alishusha miwani yake ya kuchomelea, akaendelea na kazi.

Nikamwendea. "Injini ikipata joto, hiyo itapasuka."

"Dada, shona viti vyako."

"Nimemaliza. Siviingizi."

"Kwa nini?"

"Viti vyangu havikai kwenye uongo."

"Unataka nikatangaze?"

"Sitaki kitu. Nimesema viti siviingizi."

"Wewe ulizaliwa umekaza shingo."

"Na wewe ukanifuata tumbo hilo hilo."

Mwalimu akaja. Gari linang'aa mpaka unajiona meno. Akafumba macho kama alivyofundishwa, akapapasa toka madigadi hadi katikati ya boneti. Palikuwa laini kama shavu la mtoto.

"Sioni bonde lolote, fundi. Ni kama baba yupo. Mungu akubariki mikono."

Kiganja akatazama viatu vyake. Mwalimu akafungua mlango, akakuta sakafu tupu. "Mama, viti vyangu?"

"Viko tayari," nikamjibu. "Muulize mdogo wangu kwa nini haviko ndani."

Brashi akapata kitu cha kuosha. Kiganja alinitazama, na sijawahi kutazamwa vile na mtu wa tumbo moja nami. Neno langu sikulirudisha.

Akachukua bisibisi bapa, akaichomeka palepale kwenye boneti, akaikandamiza. Puti ikabanduka kipande kizima, na tundu likatutazama sote.

"Nilidhani ni chuma," akasema. "Niliinyanyua peke yangu nikadhani nina nguvu. Mlio sikuusikia, masikio yangu yamekufa. Halafu nikakuficha."

Mwalimu akautazama unga wa puti uliomrukia mkononi. "Nimepapasa puti," akasema taratibu, "nikamshukuru Mungu."

Angemtukana ingekuwa afadhali. Mdogo wangu alikunjamana kuliko ile madigadi.

"Inatengenezeka?"

"Inatengenezeka. Ila si kwa mkono wangu. Kuunga alumini anajua huyu." Akamgeukia Cheche mbele ya watu wote. "Mdogo wangu, nisaidie."

Cheche akashika upande mmoja wa boneti. "Shika upande huo, kaka mkubwa," akasema. Wakabeba wawili kitu ambacho mmoja alikiweza.

Viti niliviingiza mwenyewe, siku boneti iliporudi ikiwa nzima. Mwalimu akipita hupiga honi, na Kiganja huinama kutafuta spana ambayo haijapotea. Nimemshonea kimfuko kwa mabaki ya ngozi ya viti vile, anatilia sumaku, anakivaa shingoni. Asante hakusema. Siku hizi hagusi bati kabla sumaku haijaligusa, hata madigadi ya lori.

Juzi Brashi akamtania: "Jaribu na kichwa cha dada yako, kile chuma kitupu!"

Wote wakacheka. Kiganja hakucheka. Ila aliinua uso akaniangalia, mara ya kwanza tangu siku ile, aone kama mimi nimecheka.