Magunia Hayamo Kwenye Simu

Wiki nzima nilihangaika na programu ya simu ya kupanga makabati ya kuunganisha, yale ya maboksi unayoyasogeza kwa kidole hadi ukuta ujae. Nilipima sebule yetu hapa Nduguti kwa futikamba, nikipiga magoti sakafuni mpaka yakachubuka. Vitabu, nguo, vyombo, kila kitu nikakipa mahali pake. Nikamwonyesha mama, nikisubiri sifa.

Akaitazama ile picha, akauliza, "Magunia ya mtama yako wapi?"

Nikayatafuta. Programu ina rafu ya viatu, ina rafu ya mvinyo, ina hata kitanda cha paka! Gunia hakuna. Kwa hasira nikachora maboksi makubwa, nikayarundika kama tunavyorundika magunia kila mavuno, mpaka tunalazimika kupitia mlango wa uani. Simu ikatoa maandishi mekundu: mlango umezibwa, ondoa vitu.

"Unaona, mama? Hata simu inakataa!"

Mama hakupandisha sauti. "Mlango huo unazibwa kila mwaka, mwanangu. Ndiyo maana hujawahi kulala njaa."