Reli ya Baba Sebuleni

Baba alipokuja kukaa nami hapa Embu, alikuja na mfuko wa nguo, kofia mbili na katoni iliyofungwa kwa kamba ya katani. Tulikuwa tumemzika mama mwezi mmoja kabla. Hata kabla hajaketi aliniambia kwamba amekuja kwa ajili ya kliniki ya presha tu, na mvua za Oktoba zikinukia atarudi Meru kupanda maharagwe yake. Siku chache baada ya mazishi alikuwa ameanguka zizini kwa kizunguzungu, akalala pale chini mpaka mtu aliyekuja kuchukua maziwa alipomkuta. Nilijua akirudi kuishi peke yake, siku moja nitapigiwa simu nikiwa darasani nafundisha.

Nyumba yangu ya kupanga ina vyumba viwili. Chumba cha kulala nilimpa yeye, mimi nikahamia kwenye kochi la sebuleni. Kutwa nzima alikaa dirishani na redio yake, chai ikipoa mbele yake. Mzee aliyefanya kazi kwenye karakana za reli kule Nairobi tangu ujana, kisha akalima ekari mbili kwa mikono yake, sasa alikuwa akinisubiri nitoke shule kama mtoto wa chekechea. Iliniuma, na sikuficha. Nilimwambia, naye akasema hana neno.

Katoni niliijua. Ndani yake mlikuwa na treni ya kuchezea ya bati, ya zamani sana: injini ya kijani ya kutiwa ufunguo, mabehewa matatu, reli kumi na mbili za kupinda na sita zilizonyooka. Msimamizi wake wa karakana alimwachia alipokuwa akiacha kazi. Tukiwa watoto tuliruhusiwa kuiona wakati wa Krismasi, kwa macho tu, mikono nyuma. Haikuwahi kutandazwa, kwa sababu nyumba yetu ilikuwa na sakafu ya udongo na kuku wasio na adabu. Basi nikapata wazo. Nitamtandazia treni yake hapa sebuleni, na akiwa na kitu cha kumshughulisha, pengine mvua zitapita bila yeye kukumbuka.

Mimi ni mwalimu, na ugonjwa wa walimu ni kudhani tunaweza kumfundisha yeyote lolote. Sikumuuliza chochote. Nilipojaribu reli sakafuni, zilitoka kwenye kochi zikafika karibu na mtungi wa gesi, wala hapakubaki pa kukanyaga. Huku kwetu reli haijawahi kufika, kwa hiyo ujuzi wangu wote wa treni ulitoka kwenye picha za vitabu. Nikafikiri kama Mmeru. Kwetu shamba likiwa dogo hulalamiki, unapanda juu nalo: migomba chini, kahawa katikati, chai kule kwenye baridi. Nikanunua nusu ya plaiwudi, nikajenga kilima cha magazeti na uji wa unga wa ngano, nikakipaka rangi ya kijani, nikakichongea hata matuta ya kuzuia mmomonyoko. Reli zikakizunguka kilima hadi kileleni. Ilinichukua wiki mbili, na nilijipongeza kwelikweli.

Jumamosi nikamwita baba atie ufunguo. Injini ilipanda kadiri ya shibiri moja, ikanguruma, ikasimama. Kisha ikarudi kinyumenyume na mabehewa yake yote, ikaanguka sakafuni karibu na sandali zake.

Baba alicheka. Alicheka mpaka akavua miwani kufuta macho. Kicheko kile sikuwa nimekisikia tangu mama alipoanza kuugua, nami nikasimama pale na mikono yenye gundi, nisijue kama nimeaibika au nimebarikiwa.

"Mama," aliniambia, maana huniita hivyo kwa kuwa nimebeba jina la mama yake, "treni si mbuzi."

Halafu akaanza kunieleza, kwa Kiswahili cha karakana badala ya Kimeru chetu cha nyumbani, kwamba waliojenga reli walikuwa radhi kuzunguka mlima kutwa nzima kuliko kuupanda. Aliuliza ni nani aliyenipimia. Nikasema ni mimi mwenyewe. Akatikisa kichwa vile mtu anavyotikisa akiona kazi ya fundi mlevi. Jioni ile kilima changu kilienda jalalani pamoja na matuta yake, nami nakiri kwamba nilinuna kidogo.

Kesho yake, tulipotoka kanisani, aliniomba utepe wangu wa kushonea, penseli, na chati ya zamani ya mmeng'enyo wa chakula ili achore upande wa nyuma. Akapima sebule nzima. Alipima kochi, meza, mtungi wa gesi, mlango unavyofunguka, hata magoti yangu nikiwa nimeketi kusahihisha vitabu. Kila kipimo alikirudia mara mbili. Alinifundisha kwamba kupanga reli kunaanza kwa kuuliza watu wanapita wapi. Mpango wake ulikuwa ubao mrefu, uliofungwa ukutani kwa bawaba juu ya kochi: mchana unashushwa na kulala juu ya mikono ya kochi, jioni unakunjwa ili nipate kulala. Na uwe tambarare kabisa. Kujua hilo, aliniambia, tutalaza chupa ya maji juu yake na kutazama kiputo cha hewa kinakokimbilia.

Alichora, akafuta, akachora tena. Tulibishana juu ya rafu yangu ya vitabu, aliyotaka ihame, nami nikakataa siku tatu kabla ya kushindwa. Nilikuwa nikitoka shule namkuta ameniandalia swali, na chai yake ameinywa yote. Nashukuru kwa ubishi ule. Nakishukuru hata kile kilima, kwa sababu ningekipatia vizuri angekitazama mara moja na kurudi dirishani.

Lakini Septemba ikaisha, mawingu yakaanza kukaa mlimani, na baba hakuwa amesema lolote kuhusu kubaki. Sikuthubutu kumuuliza. Alhamisi moja niliingia nikamkuta ameketi, mchoro magotini, simu sikioni. Alikuwa akizungumza na mdogo wake, ambaye shamba lake limepakana na letu, na walikuwa wakiongea habari za mbegu. Nikaweka vitabu mezani, nikajifanya natafuta kalamu nyekundu.

"Mwaka huu maharagwe panda wewe," baba alisema. Akasikiliza kidogo. "Hapana, siumwi. Niko na kazi huku, na haijafika hata nusu."

Akakata simu, akachukua utepe, akaniambia nisimame kando ya kochi apime tena nafasi ya kupita. Nikasimama. Machozi yalikuwa yakinitiririka wala sikuyafuta. Baba alipima bila kunitazama usoni, akarudia mara ya pili, akaandika namba.