Niliambia mjukuu aunganishe Wangari wawili kwenye family tree, na bado najuta

Wakuu, hamjambo humu ndani. Mimi ni bibi wa miaka sabini na kitu, shule niliacha darasa la tatu, kwa hivyo mtanivumilia kwa kuandika. Haya ni yangu mwenyewe, sikuambiwa na mtu.

Niko Minto, Sydney, kwa binti yangu Wangari, nurse kwenye nyumba ya wazee. Nilikuja kumtembelea miezi mitatu tu. Mipaka ikafungwa, nikakwama.

Wakati wa lockdown mjukuu wangu Nyambura, amebeba jina langu, alikuwa anasomea uni kwenye meza ya jikoni. Walipewa kazi ya kupanga familia za Wazungu wa kale sana, enzi za wafalme na ngome, kwenye website ya family tree.

Nikawa nakaa naye nikimenya viazi.

Ile kazi ina mpango wake. Kwanza unatafuta kama mtu ameshawekwa. Jina unaandika vile watu wake walimwita, cheo unaweka kando. Kama hana surname usimtungie, acha wazi. Na ukipata wawili wa jina moja, baba mmoja, mama mmoja, usiwaunganishe haraka. Hao watu wa kale mtoto akifa, anayefuata alipewa jina lile lile.

Hapo niliweka kisu chini. Hata sisi Wakikuyu tuko hivyo. Msichana wa kwanza hupewa jina la mama ya baba. Akifa, jina la nyanya haliachwi, anayezaliwa baadaye analichukua.

Nyambura akasema, basi tuanze yetu.

Majina ninayo yote, mpaka ya boma alikozaliwa nyanya yangu. Nikawa nataja, yeye anaandika. Siku tatu sikukosea hata moja.

Tukafika kwa watoto wangu. Nikawataja vile niliwazaa: Kamau, Wangari, Wangari, Njoroge.

Website ikatoa alama nyekundu, mjukuu akaniuliza:

"Cucu, same name, same parents. Ni wawili ama ni mmoja, nimerge?"

Wakuu, Wangari wa kwanza alikufa kwa surua akiwa na miaka miwili. Marehemu mzee wangu alisema tusimtaje, huyu wa pili asije akajiona amevalishwa nguo ya marehemu. Nikanyamaza miaka yote hiyo. Binti yangu hakujua. Na saa hiyo alikuwa amesimama pale sink na uniform, anamalizia chai aende afternoon shift.

Nikasema, "Ni mmoja. Nimerudia."

Binti yangu akacheka. "Leo umeshikwa, Mum. Kumbe hata wewe husahau."

Nyambura akabonyeza. Wawili wakawa mmoja. Mimi nikarudi kwa viazi.

Mwaka uliofuata covid ikamchukua Kamau huko nyumbani. Mazishi tuliyatazama kwa simu, tumeiegemeza kwa mkebe wa sukari.

Kamau ndiye alikuwa anambeba Wangari wa kwanza mgongoni. Hakuwahi kusema lolote kwa dada yake, lakini mimi nikimpigia alikuwa ananiambia, "Mami, sisi tulikuwa wanne."

Eulogy ikasomwa. Waliitoa kwa ile tree, Nyambura alikuwa amewatumia.

"Kamau alikuwa kifungua mimba katika familia ya watoto watatu."

Watatu. Akiwa amelala hapo kwa sanduku, hawezi kuwasahihisha.

Nilisema ukweli wa Wangari wa kwanza pale pale, simu ikiwa bado inaonyesha watu wakiimba. Binti yangu akauliza, "Alizikwa wapi?"

Nikamwambia, chini ya shamba, karibu na ua, hakuna alama.

"Hapo ndipo nilikuwa nachuma mboga, Mum."

Alienda akawasha maji ya chai, akasahau kuyazima.

Nyambura amewatenganisha, kumbe inawezekana. Wangari wa kwanza yuko, tarehe zimeachwa wazi. Lakini eulogy ya Kamau haiwezi kusomwa tena.

Nyinyi mnaotengeneza hizi tree, jina likijirudia muulize mzee mkiwa wawili tu, si mbele ya watu. Na wewe mzee mwenzangu, ukiulizwa ni wawili ama mmoja, jibu vile ulivyozaa.

Kama kwenu kuna mtoto ambaye jina lake lilipewa mwingine, mwandike hapo chini, hata kama mwaka huujui. Nyambura amenionyesha pa kubonyeza. Nitawasoma wote.